Huduma za usaidizi kwa wanafunzi chuoni: uzoefu wangu wa miaka minne

Nilirudi nyumbani Lamu mwezi uliopita baada ya kumaliza shahada yangu katika chuo kikuu kimoja cha umma, na kwa kuwa vijana kadhaa wa mtaani kwetu Langoni wanajiandaa kwenda vyuoni, nimeona niandike jinsi nilivyozikuta zile huduma ambazo sote hutangaziwa wiki ya mapokezi kisha tukazisahau.

Iliyonifaa zaidi ni mafunzo ya jioni. Mwaka wa kwanza nilipata alama 34 katika somo la takwimu, ilhali kiwango cha kufaulu kilikuwa 40, nami nikaandikiwa mtihani wa marudio. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi ilinielekeza kwenye kikundi kinachoendeshwa na wanafunzi wa miaka ya juu, ambao chuo huwalipa posho ndogo. Nilikwenda nikidhani nitafanyiwa hesabu, lakini hawakukubali kunifanyia hata moja. Kila Jumanne na Alhamisi baada ya magharibi ilinibidi nije na swali nililokwisha kulijaribu, hata kama nimelikosea, na dada aliyenifundisha aniulize kwa nini nimegawanya kwa idadi nzima ya sampuli bila kupunguza moja, mpaka nione mwenyewe nilipopotea. Marudio nilipita. Alama zenyewe hazikuninyanyua sana, kwa sababu kanuni za chuo chetu haziruhusu alama ya marudio kuzidi 40, ila somo la takwimu lililofuata nilipata 61 bila ya kushikwa mkono.

Kuhusu mshauri wa masomo sina mengi ya kusema. Mhadhiri niliyepangiwa alikuwa na orodha ndefu ya wanafunzi, nikamwona mara mbili kwa miaka minne, na mara zote mbili nilifuata saini.

Ushauri nasaha una sifa na una kasoro. Baba yangu ni mvuvi, na pepo za kusi zinapochafua bahari, nyumbani huwa hakuna cha kutuma. Mwaka wa pili msimu ule ulikuwa mzito, nikawa silali, sihudhurii mihadhara, wala simwambii mtu. Mshauri, bibi wa makamo, alinisikiliza kwa utulivu ambao sikuutarajia ofisini. Aidha, hakuishia kwenye maneno: aliandika barua nikapewa kazi ya saa chache kwa wiki katika maktaba, na akanikumbusha kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huombwa upya kila mwaka, jambo lililokuwa limenipita kabisa. Kasoro ni mlango wake, ambao ulitazamana na foleni ya kulipa karo, kwa hivyo kila aliyeingia alionekana. Na sisi tunaotoka kisiwani tunajua kwamba habari ya namna hiyo hufika Lamu kabla ya boti ya Mokowe haijang'oa nanga. Majuma mawili nilipita pale nikijifanya naelekea kwingine. Hatimaye nilimweleza, naye akakubali tuzungumze kwa simu, hata wakati wa likizo nilipokuwa juu ya dari nyumbani nikitafuta mtandao.

Kwa huduma zote hizi sikulipa chochote zaidi ya karo. Lawama yangu kubwa ni kwamba hakuna aliyenitafuta: nilikosa mihadhara karibu mwezi mzima, majina yetu yakiitwa na kuandikwa kila siku, na rejista ile haikumfikia mshauri yeyote.

Mpwa wangu ataanza Septemba. Nimemwambia asingoje afeli ndipo aulize kikundi cha jioni kinakutana wapi, na nambari ya simu ya mshauri aichukue wiki ile ile ya mapokezi, wakati foleni ya karo ni ndefu kiasi kwamba hakuna anayemtazama mwenzake.