Mashine ya kutotolesha ya mayai 264: maoni ya rubani mstaafu

Nimerusha ATR 72 miaka 11, Dar–Mtwara, Dar–Mwanza. Mwaka jana nikavua kofia, nikaanza kuku wa kienyeji hapa Kibaha. Mke wangu bado ananiita Kapteni, ila siku hizi anacheka kwanza.

Mashine nilinunua Kariakoo. Inageuza mayai yenyewe kila baada ya saa mbili, na joto linakaa 37.5 bila kuyumba. Kengele yake si mchezo. Ilipolia usiku wa kwanza niliruka kitandani mkono ukipapasa mbele yangu, natafuta kitufe cha kuizima. Mazoea hayo!

Shida ni kipima unyevu. Kiliandika 60, changu cha pembeni, nilichokuja kununua nikiwa nimeshachelewa, kikasoma 41. Awamu ya kwanza vifaranga wengi walifia ndani, siku ya 20, ganda limeshatobolewa na utando umekauka kama karatasi. Yaani mimi, niliyezoea kulinganisha kipimo cha upande wangu na cha msaidizi wangu, nikaamini kimoja tu. Sasa siku ya 18 nasimamisha kugeuza, naongeza sahani ya maji. Awamu ya pili wametoka 203.

Haina betri, kwa hiyo inveta uinunue siku hiyohiyo. Aliyeniuzia aliniahidi fundi. Simu yake inaita tu. Nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya kengele.