Gemu za watu wengi mtandaoni: ununue yenye stori ama yenye uhuru? Orodha yangu nikiwa Kisumu

Binamu yangu wa Kakamega alipata kazi mwaka jana na mshahara wa tatu ukiingia akanipigia, "Bro, nataka kununua ile gemu ya kuwa na karakta wako mnacheza na watu wa dunia yote, nichukue gani?" Kabla tuongee bei nikamuuliza kitu kimoja, unataka kuhadithiwa ama unataka kuachiliwa? Akanyamaza. Watu wengi hununua bila kujiuliza hiyo, halafu baada ya wiki mbili gemu imelala kwa laptopu na bando imeisha.

Kuna gemu zinakushika mkono. Unaingia, mtu anakueleza vita vilianzaje, unatumwa huku, unatumwa kule, unaona sinema, unapigana, unaona sinema nyingine. Na kuna zile zinakutupa tu kwa dunia na shoka moja mkononi, basi, tafuta maisha. Zote mbili nimezipenda sana, lakini zote zina ugonjwa wake. Ya stori inakuambia wewe ndio mteule, wewe peke yako ndio utaokoa dunia, na hapo kando yako kuna watu hamsini wamesimama mbele ya mfalme huyo huyo wakiambiwa maneno hayo hayo. Ya uhuru nayo haina ugonjwa huo, ugonjwa wake ni kuwa ukiingia bila watu wako ni kama kushuka stendi ya mji hujui mtu, unazunguka zunguka mpaka unachoka unarudi nyumbani.

Sasa orodha yangu ni ya mtu wa huku kwetu. Laptopu ya kawaida, saa mbili za kucheza usiku baada ya kazi, data ya kulipa, tokeni ya stima ya kulipa, na mvua ya jioni ambayo ikianza na radi unajua stima inaweza kwenda wakati wowote. Pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, hadi seva za Ulaya (kompyuta zenye gemu inakaa) ni milisekunde 160 hivi siku nzuri, kwa hivyo chagua seva ya Ulaya kila mahali utaulizwa, usiende ya Marekani juu rafiki yako wa huko amekuambia.

Nambari 1 ni Old School RuneScape, na sioneshi huruma kwa wenye watasema picha zake ni za kizamani. Ni za kizamani kweli, kampuni ya Jagex walifungua hii gemu Februari 2013 kutoka kwa kopi ya gemu yao ya Agosti 2007 juu wachezaji walikuwa wanalilia ile ya zamani. Lakini ni nyepesi, inaingia kwa laptopu yoyote, na tangu Oktoba 2018 iko kwa simu na akaunti ni ile ile, kwa hivyo stima ikienda unachukua simu unaendelea kukata miti yako gizani. Hiyo peke yake kwetu ni sababu tosha. Na kuhusu stori na uhuru ndio wamepatia zaidi ya wote, juu hakuna stori moja kubwa ya kukuburuta. Kuna misheni zaidi ya 150 na kila moja ni hadithi yake imeandikwa na mtu amekaa chini akafikiria, unaifanya ukitaka, usipotaka unavua samaki mwaka mzima na hakuna mtu atakuuliza. Misheni ya kwanza wengi hufanya ni kumsaidia mpishi wa kasri ambaye amekwama na keki ya bosi wake, unamtafutia yai, ndoo ya maziwa na unga, na unga wenyewe unaenda kuvuna ngano unapanda nayo juu ya kinu cha upepo unasaga. Hakuna mteule hapo, wewe ni jirani tu umesaidia mtu, na mimi hiyo stori ndogo ilinishika kuliko vita vingi vya kuokoa dunia.

Unaanza bure, sehemu kubwa ya dunia na misheni nyingi ndio za kulipia. Kuna kitu kinaitwa bondi, moja inakupa uanachama wa siku 14, na unaweza kuinunua na dhahabu ya ndani ya gemu kama una subira. Jambo lingine, mabadiliko makubwa ya gemu wachezaji hupigia kura kwanza. Usilione dogo hilo, nitarudi hapo.

Nambari 2 ni Final Fantasy XIV, kwa mtu wa stori hakuna kuuliza. Ilitoka 2010 ikafeli vibaya, kampuni ya Square Enix ikamkabidhi Naoki Yoshida aijenge upya, ile ya zamani wakaifunga, ikarudi Agosti 2013, na saa hii ina moja ya hadithi ndefu zaidi utapata kwa gemu yoyote. Mwanzo ni mwendo wa pole, nakuambia mapema ndio usikate tamaa, kuna saa nyingi za kubeba barua na kuongea na watu kabla mambo yachemke, lakini ukifika nyongeza ya kwanza, yaani sehemu mpya iliyoongezwa baadaye, inaitwa Heavensward, utaelewa kwa nini watu wazima wanalia na kibodi mbele yao. Mimi nililia. Nilikuwa peke yangu kwa nyumba Migosi hapa Kisumu saa sita usiku na nilibaki nimekaa tu nikiangalia skrini.

Utamu kwa mnunuzi ni jaribio lake la bure, halina mwisho wa siku, unapata gemu ya kwanza na nyongeza mbili, Heavensward na Stormblood, hadi leveli 70. Hizo ni saa mia kadhaa hujatoa hata shilingi. Lakini angalia walichofunga: kwa hiyo ya bure huwezi kununua wala kuuza sokoni, huwezi kuanzisha kundi mwenyewe, huwezi kujiunga na chama cha wachezaji. Yaani wamekupa hadithi wakakunyima watu, na hapo unajua wenye gemu wanaona thamani yao iko wapi. Ukienda Albion, ambayo ni nambari 3 yangu, unapata kinyume chake kabisa.

Mambo matatu kuhusu Final Fantasy XIV kabla ubonyeze nunua. Ni nzito, ukitumia bando ya simu utaumia, nenda kwa mtu mwenye faiba ukae naye usiku mmoja na umnunulie chakula. Pili, akaunti ikishageuzwa kuwa ya kulipa hairudi kuwa ya jaribio, kwa hivyo maliza ya bure yote kwanza. Tatu, ukinunua kupitia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, basi nyongeza zote za akaunti hiyo utaendelea kuzinunua Steam, huwezi kuchanganya.

Albion Online sasa. Hii iko kwa simu pia tangu 2021, ni gigi chache, bure tangu 2019, na tangu Aprili 2024 ina seva ya Ulaya, kabla ya hapo tulikuwa tunateseka. Stori haina, nasema haina, usiitafute. Yenye iko ni biashara. Karibu kila upanga na kila koti unaloona limetengenezwa na mchezaji, na kila mji una soko lake na bei yake, kwa hivyo ukijua mahali mbao ni rahisi na mahali ni ghali unabeba, vile tu mtu hutoa omena ufuoni huku akapeleka Eldoret. Ramani imegawanywa kwa rangi: maeneo ya bluu na manjano ukipigwa unaanguka tu, unainuka na mali yako. Nyekundu na nyeusi, ukiuawa umepoteza kila kitu umebeba.

Nitawaambia moja yetu. Tuko wanne kwa chama, mimi Kisumu, binamu Kakamega, mmoja Bungoma na mmoja Nakuru kule Lanet. Jioni moja tulikuwa tunavuka eneo jekundu na mali ya wiki tatu, yote imebebwa na mimi, mvua ikaanza na stima ikaenda hapo hapo. Karakta wangu akabaki amesimama katikati ya barabara kama mtu amelala na macho wazi. Wakati nilipata data kwa simu nikarudi, nilikuta nimeshauawa, lakini yule wa Lanet alikuwa amerudi peke yake, akapigana na wale watu wawili akamwangusha mmoja, na akatoka na karibu nusu ya mbao zetu. Hakuna mwandishi aliandika hiyo. Tunaisimulia mpaka leo tukikutana, na kila mtu ana venye yeye aliiona.

Hiyo ndio uhuru hukupa. Mfano mkubwa wa dunia ni EVE Online ya CCP wa Iceland, ile ya meli za angani, ambapo Januari 2014 bili ya kushikilia eneo moja linaitwa B-R5RB haikulipwa, maadui wakaona nafasi wakaingia, na vita vikaenda saa 21 hivi na maelfu ya watu, meli zikachomwa zenye thamani ya kama dola 300,000. Bili tu! Kuna njia ya kuicheza bure tangu 2016. Lakini kwa mtu mwenye saa mbili usiku sikushauri, ni kama kazi ya pili, kwa hivyo kwangu iko nambari 5.

Nambari 4 ni Guild Wars 2, ya 2012. Haina ada ya kila mwezi, gemu ya msingi ni bure, unanunua nyongeza mara moja ni zako, na unaweza kuanza kucheza kabla haijamaliza kudaunlodi yote. Ina stori ya wastani, lakini ukitembea utakuta tukio limeanza, kijiji kinavamiwa, watu wanakuja wenyewe wanasaidia bila kuunda kundi. Ukiwa huna rafiki wa kucheza naye, anza hapa.

Elder Scrolls Online iko nambari 6, tangu Oktoba 2016 unaenda popote unataka na kila mtu unayekutana naye anaongea kwa sauti, ni nzuri kabisa ila inakula zaidi ya gigi 100. Star Wars: The Old Republic ina hadithi nane tofauti kulingana na kazi ya karakta wako, icheze kama gemu ya peke yako. World of Warcraft ni bure hadi leveli 20, baadaye dola 15 kwa mwezi, karibu shilingi 2,000, na kwa hiyo pesa mimi naweka tokeni.

Nilisema nitarudi kwa kura. Kulikuwa na Star Wars Galaxies, ya 2003, watu walikuwa wapishi, washonaji, wacheza densi kwa baa, walijenga miji yao. Novemba 2005 wenye gemu wakaibadilisha ghafla bila kura yoyote ya wachezaji ili kila mtu awe shujaa kama kwa sinema, kazi nyingi za watu zikafutwa, wengi wakahama, na Desemba 2011 ikafungwa. Ukinunua hizi gemu hununui kitu, unanunua nafasi kwa nyumba ya mtu, kwa hivyo usilipe mwaka mzima mbele hata ukipewa punguzo.

Kulipa, kadi ya M-Pesa GlobalPay hufanya kazi mahali pengi, ila kuna duka moja lilinikataa mara tatu mpaka nikaandika anwani vile vile iko kwa kadi. Binamu alianza na jaribio la Final Fantasy XIV kwa nyumba ya shemeji yake mwenye faiba, akafika Stormblood, halafu akaja Albion juu alitaka kuongea na sisi. Jumamosi saa tatu usiku tunavuka lile eneo jekundu tena, na safari hii mali tumegawa kwa wanne.