Fangasi wa miguuni: klotrimazoli au terbinafini?

Kwa joto na unyevu wa Dar, mguu unaovuliwa njumu baada ya mechi ya jioni hutoka umelowa. Tazama kati ya kidole cha nne na cha tano: ngozi nyeupe, laini kama iliyoloweshwa, inabanduka na kuwasha. Mara nyingi hao ni fangasi.

Krimu ya fangasi ya klotrimazoli ndiyo wengi tunayoijua, na bei yake ni nafuu. Tatizo ni uvumilivu: unapaka mara mbili au tatu kwa siku, hata wiki nne, na huruhusiwi kuacha eti kwa sababu muwasho umeisha. Hapo ndipo wachezaji wengi hukwama. Krimu ya terbinafini huwaua fangasi wenyewe, na kwa vidoleni kwa kawaida wiki moja inatosha. Mchezaji anayefanya mazoezi kila siku ningemshauri hiyo, hata akilipa zaidi.

Ila tafadhali, usijipakie tyubu ya mchanganyiko yenye betamethasoni, steroidi ya kutuliza muwasho isiyoua fangasi, bila ushauri wa daktari. Muwasho utatulia, fangasi wataendelea kutambaa chini kwa chini. Na kabla ya kupaka dawa yoyote, kausha vidole kimoja kimoja. Njumu nazo zianikwe, zisilale kwenye begi.