Kubadilisha seli za betri ya baiskeli ya umeme Arusha: uzoefu wangu

Betri ni ya volti 48, amp-saa 10, ile ya mkebe unaofungwa kwenye bomba la chini la fremu. Ilikuwa inajaa vizuri tu, volti 54 na kitu, lakini ukipandisha Ilboru kutoka Sanawari inaporomoka hadi 41 na kontrola (kifaa kinachopimia mota umeme) inakata. Ukisimama kidogo inarudi kama haikuugua. Hiyo si chaja wala mota, ni seli zimechoka: ukinzani wa ndani umepanda, kwa hiyo volti hushuka pale tu mota inapovuta ampea nyingi. Kupima betri ikiwa imetulia hakukuambii chochote.

Kuagiza betri nzima nilikuacha. Betri za lithiamu kama hii zina masharti makali kwenye ndege, na ikifika bado unaweza kukuta reli ya mkebe au plagi hailingani. Wenye mota ya Bosch hawana ujanja, kwa sababu betri na mota huwasiliana na betri ya kubahatisha haitambuliwi. Yangu ni mota ya kwenye haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, waya mbili nene basi, kwa hiyo nilibakiza mkebe na kumpa fundi mmoja wa hapa mjini abadilishe seli.

Ndani kuna seli 52 za 18650 (silinda za milimita 18 kwa 65): makundi 13 yaliyofuatana, kila kundi seli 4 sambamba. Kila seli ni amp-saa 2.5. Kontrola ya ampea 15 inaidai kila seli karibu ampea 4, kwa hiyo nunua zenye uwezo wa kutoa angalau ampea 10, zisipate joto. Seli za kuchomoa kwenye betri za laptopu, ambazo utatajiwa kwanza kwa kuwa ni rahisi, zikatae. Zikatae pia zilizoandikwa 9900 mAh, yaani amp-saa 9.9; seli ya ukubwa huo haifiki hata nusu yake. Mizani midogo ya wanunuzi wa madini inamaliza ubishi: seli ya kweli ina gramu 45 hadi 50, feki mara nyingi ni nyepesi mno. Kisha pima volti kila moja kabla haijaunganishwa. Zinazotofautiana kwa zaidi ya volti 0.05 zisikae kundi moja.

Fundi alinifurahisha kwenye kuunganisha. Alitumia ukanda wa nikeli na mashine inayochoma kwa mshtuko mfupi wa umeme, si kulehemu kwa risasi kama redio, maana joto la muda mrefu huharibu seli. Ukanda wenyewe uhakikishe: ukikwaruza na kuutia maji ya chumvi usiku kucha ukapata kutu, ni chuma kilichopakwa tu. Waya nyembamba za BMS (bodi ya kulinda betri inayosimamia volti za kila kundi) ni 14, na zichomekwe mwisho, baada ya kupima kila moja kwa mfuatano: volti ziongezeke kwa takriban hatua sawa kutoka waya hadi waya. Ukiona inaruka au inarudi nyuma, mpangilio umekosewa na BMS inaweza kuungua ukichomeka.

Fundi akikwambia airuke BMS ili "isikate kate", chukua mzigo wako uondoke. Hiyo ndiyo inayozuia kundi moja kujazwa kupita volti 4.2, na hapo ndipo moto huanzia.

Baada ya kazi: chaji kamili ilisoma 54.5, makundi yote kati ya 4.18 na 4.20. Ilboru ileile, volti haikushuka chini ya 50. Kwa chaja ya ampea 2 inachukua saa tano na ushee kujaa, ambayo ni sawa kwa ukubwa huo.

Nampa nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu mpira wa kuziba mkebe haukurudishwa, na alidai plastiki ya kufungia seli inatosha. Haitoshi, msimu wa masika maji huingia kupitia shimo la ufunguo na kutua kwenye BMS iliyo chini. Nimepaka silikoni ya madirisha kuzunguka mfuniko, nikaacha tundu la chini wazi ili unyevu utoke.