Darubini ya 8x42: miezi minane kwenye njia za hifadhi

Kabla ya hii nilikuwa na darubini ndogo ya mfukoni, 10x25. Niliifuata ile 10, nikiamini kwamba kukuza zaidi ndiko kuona zaidi. Sivyo kabisa. Ukikuza mara 10, hata pumzi yako inatikisa picha, na lenzi ya milimita 25 haiingizi mwanga wa kutosha chini ya miti. Alfajiri, wakati ndege wamechangamka, mimi nilikuwa naambulia vivuli tu. Basi nikawa naacha njia na kuingia majanini ili nimkaribie ndege. Anaruka, kiota kinabaki wazi, na miche nimeshaikanyaga. Najuta mpaka leo.

Hii ya 8x42 inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, na hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha duara la mwanga linalofika jichoni. Ile ya zamani ilikuwa 2.5. Kwenye kivuli cha msitu tofauti yake ni kubwa mno.

Wiki iliyopita nilisimama njiani, kando ya bwawa, nisiongeze hata hatua. Ng'ambo kulikuwa na mdiria juu ya kijiti. Alijitosa, akaibuka na samaki, akampigapiga kwenye kijiti kushoto na kulia hadi akatulia, kisha akamgeuza kichwa kitangulie na kummeza. Tone la maji lilibaki linaning'inia kwenye ncha ya mdomo wake, nami nililiona mpaka likadondoka. Hakushtuka, hakuruka. Kwa hilo peke yake, pesa yangu haikupotea.

Navaa miwani, na mipira ya darubini, ile unayowekea macho, inazungushwa ikashuka, hivyo naona duara zima bila kuivua. Asiyevaa aipandishe. Ila usisahau pete iliyo upande wa jicho la kulia. Wengi hawaigusi, halafu wanalalamika kuumwa na kichwa. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione sawasawa. Kisha fumba la kushoto, uzungushe pete tu mpaka la kulia nalo lione vizuri. Ukishafanya hivyo mara moja, siku zote unatumia gurudumu peke yake.

Mvua imeninyeshea mara kadhaa na ndani haijaingia ukungu, kwa kuwa imezibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni.

Sasa kasoro. Ina gramu 670, na kamba iliyokuja nayo ni nyembamba. Baada ya saa mbili shingo inawaka. Nimeibadilisha kwa mkanda unaopita mabegani, uzito ukagawanyika. Vifuniko vya lenzi za mbele vimelegea, na kimoja kimeshapotelea kwenye matope.

Ukiisafisha, puliza vumbi kwanza. Usifute kwa shati, maana chembe za mchanga hukwaruza utando wa lenzi. Na usiielekeze kwenye jua kamwe, macho hayana mbadala.

Kwa mtu mzima anayetembea hifadhini kwa miguu, naipa nyota nne kati ya tano. Mtoto itamchosha mikono. Yeye mtafutie 8x32.