Tatizo lilikuwa kifuniko cha tangi, wao wakaniuzia kabureta

Kama mashine yako ya kukatia nyasi inawaka vizuri, inakata kidogo, halafu inazimika, nakusihi usiipeleke kwa fundi yeyote kabla hujakagua kifuniko cha tangi la petroli. Mimi nimelipa shilingi 120,000 kwa tatizo ambalo sindano ya kushonea ilitosha kulimaliza. Duka silitaji jina, ila liko hapa hapa Tororo, Uganda, na hasira bado ninazo.

Mashine yenyewe ni ya petroli, ya kusukuma, injini isiyochanganyiwa oili kwenye petroli. Naitumia kwenye uwanja wa nyumba za wageni ninazozisimamia. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, nyasi za pasipalamu hazikupi nafasi ya kupumzika, na wageni wakikuta nyasi zimefika kwenye vifundo vya miguu wanadhani hata mashuka hayafuliwi. Kwa hiyo mashine ikigoma, ni kazi yangu inayoharibika.

Ilikuwa inawaka kwa mvuto mmoja. Baada ya muda sauti inabadilika, inapanda, inashuka, inapanda tena, kisha kimya. Vuta kamba mpaka bega liume, haiwaki. Iache ipumzike, inawaka kana kwamba haikuwa na lolote. Chujio la hewa nilikuwa nimeshalisafisha, plagi nimeweka mpya. Siku moja ilipozimika tu nikachomoa waya, nikafungua plagi: kavu kabisa, hata harufu ya petroli haina. Plagi ikiwa kavu hivyo, petroli haifiki. Ingelowa, ningeanza kufikiria moto wa plagi, au petroli kuzidi.

Hayo yote nilimweleza fundi. Hakuinua hata macho. "Mama, kabureta imekufa." Nimtendee haki: kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huwa inaleta shida hiyo, jeti (kitundu chake chembamba cha kupitishia petroli) ikiziba kwa uchafu au maji yakituama kwenye bakuli lake. Lakini jeti iliyoziba haiponi kwa kupumzika! Nilimwambia hivyo, akasema hajawahi kufundishwa kazi na mteja. Nikalipa. Nikarudi nyumbani, mashine ikakata hadi chini ya mwembe, ikazimika vile vile.

Niliporudi ndipo nilipoonjeshwa dharau. Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia kama petroli imo, akafunga, akavuta kamba. Ikawaka papo hapo. Akaizima upesi, akageukia wateja waliokuwa wamejaa pale, akasema kwa sauti: "Mashine haina ugonjwa. Hizi si za akina mama. Nenda umlete mzee, nitamwelekeza yeye." Mzee gani? Mashine nimeinunua mimi, kwa pesa yangu, na risiti ina jina langu. Watu wakacheka. Nilikuwa nikimwita "mwanangu" tangu nilipoingia dukani kwake, na hayo ndiyo aliyonilipa.

Aliyenitoa kwenye shida ni kijana wa bodaboda aliyeifunga mashine kwa mipira nyuma ya pikipiki yake ya Boxer akanirudisha nayo. Nilimwomba asubiri aone. Ilipozimika hakugusa kabureta. Alilegeza kifuniko cha tangi taratibu, na sote wawili tukasikia: fsss, hewa inanyonywa kuingia ndani. Akavuta kamba, ikawaka. "Mama, hata pikipiki hufanya hivi. Tundu la hewa limeziba."

Ni kama kopo la maziwa: ukitoboa tundu moja tu, maziwa hayatoki. Petroli ikishuka kwenye tangi lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, petroli inakwama na injini inakufa njaa. Ukiiacha, hewa hupenya polepole, ndiyo maana kupumzika kuliiponya. Na ndiyo maana fundi alipofungua kifuniko kuchungulia, aliitibu bila kujua! Tuligeuza kifuniko, tukakuta kijitundu kimejaa vumbi jekundu la murramu na vipande vya nyasi, vimegandamana mpaka vimekuwa kama udongo wa ukuta. Sindano, petroli kidogo ya kuoshea, kupuliza. Uwanja mzima ukaisha siku hiyo, hadi nyuma ya jikoni.

Mashine naipa nyota nne. Injini ina nguvu, na haiogopi nyasi mbichi. Hapana, tatu: tundu dogo namna ile, juu kabisa ambako nyasi na vumbi vinarukia, na kijitabu kilichokuja nayo hakina hata neno moja juu ya kulisafisha.

Duka nilitaka kulipatia nyota mbili, maana kabureta waliyoifunga haivuji, na sijaona kasoro kwenye ufungaji wake. Lakini nilipoenda kudai ile ya zamani, niliambiwa eti ilishatupwa. Nani anatupa kabureta nzima? Basi hata hizo mbili nimezifuta, hawapati kitu. Nataka kabureta yangu, au nirudishiwe pesa ya hii mpya, na safari hii sitaongea na fundi. Nitamsubiri mwenye duka mwenyewe.