TAHADHARI: Kiplagi cha "kuondoa mngurumo wa sabufa" ni taa na kapasita tu

Ndugu zangu, kuna viplagi vya plastiki vinauzwa mitandaoni na barabarani, vina taa ya kijani au ya buluu usoni. Unaambiwa ukichomeke kwenye soketi yoyote ya nyumba: sabufa itaacha kukoroma, friji haitakwaruza tena redio, na juu ya hapo uniti za LUKU zitadumu. Msinunue.

Ukikifungua unakuta taa ya LED, rezista, diodi na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) moja ndogo. Koili hakuna. Chujio la kweli la umeme hukaa njiani: umeme unaingia upande mmoja, unapita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa kwenye pete ya feraiti (kauri yenye chuma ndani yake), unatokea upande wa pili kwenda kwenye amplifaya. Kiplagi hiki hakina pa kutokea, kwa hiyo umeme wa sabufa haupiti humo kabisa. Na mita ya nyumbani huhesabu nguvu inayotumika kweli, kwa hiyo kapasita haikuokolei uniti.

Linalotisha ni moto. Kapasita ya kukaa kwenye volti 230 usiku na mchana lazima iandikwe X2 (alama ya kapasita salama za kuungwa kwenye umeme wa ukutani), tena volti 275 za AC, yaani umeme wa ukutani, au zaidi. Humo mara nyingi huwekwa ya kawaida ya volti 400, ambazo ni za DC, yaani umeme kama wa betri. Kilele cha umeme wa 230 ni kama volti 325, na umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuruka juu zaidi. Kapasita huchoka, hupiga shoti, plastiki inawaka. Kama haina rezista ya kumwaga chaji, ukikichomoa kiplagi na kugusa pini unaweza kupigwa.

Mngurumo una chanzo, na hutafutwa hivi. Zima, chomoa waya zote za sauti nyuma ya amplifaya, kisha washa. Ikinguruma hata volyumu ikiwa sifuri, ugonjwa uko ndani: mara nyingi kapasita kubwa za pawa zimevimba au kukauka. Ikinyamaza, rudisha waya mmoja mmoja; ule unaorudisha mngurumo ndio wenye kosa. Wanaokamatwa sana ni king'amuzi, maana waya wa dishi unaweza kuleta njia ya pili ya ardhi (erthi), na umeme kidogo unaozunguka humo husikika kama mngurumo, na simu inayopiga muziki kwa waya huku inachajiwa. Kwa simu, chomoa chaja tu. Kwa king'amuzi, tafuta aizoleta ya sauti, yaani kifaa kinachopitisha sauti bila kuunganisha waya moja kwa moja, yenye transfoma ndogo mbili, moja kwa kila chaneli. Inaungwa kwenye waya wa sauti, si ukutani. Za bei ya chini hula besi, kwa hiyo isikilize kwanza kwa sabufa yako.

Ule mlio wa "ta!" friji inapozima au kuwaka ni cheche za thamostati. Fundi wa friji anaweza kuunga rezista ya omu 100 mfululizo na kapasita X2 ya mikrofaradi 0.1, kisha akaziweka sambamba na kontakti za thamostati. Mlio mwembamba wa "ziii" wa chaja na taa hupungua kwa feraiti ya kubana, waya ukizungushwa humo mara 3 hadi 5; mzunguko mmoja hausaidii sana. Lakini feraiti haigusi mngurumo wa hezi 50, asikuuzie mtu kwa kazi hiyo.

Jihadharini pia na fundi anayekata waya wa ardhi kwenye plagi. Mngurumo unaweza kufa kweli, ndiyo maana watu wanamwamini. Siku umeme ukivujia kwenye bodi ya chuma ya amplifaya, fyuzi haitakatika, na bodi itabaki na volti 230 ikimngoja wa kuigusa. Mkatalieni.

Anayeuza chujio halisi atakuonyesha kibandiko chenye mchoro wa koili, idadi ya ampea na volti 250. Aliyekwisha kununua kiplagi hicho akichomoe leo, hasa kama kina joto, kinanuka au plastiki imegeuka rangi, na asikigawie jirani.